Bivasi, kreska

Nyumbani kwetu mtu akipiga chafya, Mama hasemi "afya" wala "pole". Anasema haraka, kama anayehesabu chenji: "Bivasi, kreska, ngandeska." Tulikua watoto sita tukiamini kwamba hicho ni Kibemba cha zamani, cha upande wa Kasenga. Wabemba waliokuja kututembelea walidhani ni Kigiriki. Mgiriki mwenye duka la mikate mtaani kwetu Lubumbashi alisikia siku moja, akatikisa kichwa. Nilipoanza kusoma Kifaransa nikajiambia basi ni Kifaransa kilichokosewa. Hatukuchimba zaidi. Chafya ni chafya.

Maneno yalikuwa ya baba yake Mama. Mzee huyo sikumwona. Kwetu Lubumbashi babu na nyanya wote ni "kambo" (nilipokwenda kusoma Dar nilishangaa kuwa "baba wa kambo" ni mtu mwingine kabisa, na kwamba "bibi", ambaye kwetu ni mke wa mtu, huko ni mama wa mama). Lakini yule sikuwahi kumwita kambo. Kambo ni mtu uliyekula naye. Huyu nitamwita babu tu. Alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes, ambacho leo ni Ugiriki, na aliuza vitambaa Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula. Jina la ukoo wake sitaliandika hapa. Ana ndugu walio hai, na hawakuniomba niwataje.

Mkongo akisikia "Rhodes" na "Luapula" kwa pumzi moja, swali lake la kwanza najua: je, mna undugu na Moïse Katumbi? Hapana. Ila hadithi zinafanana. Baba yake, Nissim Soriano, naye alikuwa Myahudi wa Rhodes aliyefanya biashara ya samaki pande zile zile, na mwanawe alizaliwa Kashobwe mwaka 1964. Mwana wa Soriano akawa gavana wa Katanga na mwenye TP Mazembe. Binti wa babu yangu akawa fundi cherehani katika komini ya Kenya, Lubumbashi, na mashine yake ya Singer bado inafanya kazi.

Wayahudi wa Rhodes walifikaje kwetu? Wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, wakapokelewa katika nchi za Waturuki, na Waturuki walipokiteka kisiwa mwaka 1522 baadhi yao wakahamia huko. Wakakaa miaka mia nne wakizungumza Kihispania chao, Ladino, katikati ya Wagiriki na Waturuki. Mwaka 1912 Waitaliano wakakichukua kisiwa. Maisha yalikuwa magumu, vijana wengi, kazi chache. Mmoja akaenda Kongo, akamwita mdogo wake, mdogo wake akamwita binamu. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikawa na maduka yao, na sinagogi yao ambayo mimi nilipita mbele yake miaka yote ya shule bila kujiuliza. Rabi wao, Moïse Levy, aliingia Kongo mwaka 1937 akakaa zaidi ya miaka hamsini.

Babu aliondoka Rhodes mwaka 1938, ule mwaka Waitaliano walipotunga sheria zao za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Meli mpaka Beira, kisha treni kupitia Rhodesia. Mama yake alibaki na mabinti wawili, wakisubiri nauli.

Mimi ni muuguzi, naishi Liège, Ubelgiji. Miaka michache iliyopita, nikiwa na mtoto anayeniuliza maswali ambayo sisi hatukuuliza, nilianza kutafuta karatasi. Niliandikia ofisi moja ya jumuiya ya Kiyahudi huku Ulaya, sitaitaja. Nilieleza kila kitu, nikaambatisha picha ya babu amesimama mlangoni pa duka lake. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, lenye adabu na mistari mitatu: tafadhali tuletee hati ya ndoa ya kidini ya nyanya yako. Nyanya yangu, kambo Mulenga, hakuwa na hati. Alikuwa na nyumba ya matofali nyuma ya duka na mlango wake mwenyewe. Kwa Kifaransa cha wakoloni mwanamke kama yeye aliitwa "ménagère", mtunza nyumba, na kila mtu alijua maana yake.

Nilimpigia Mama nikiwa nimekasirika. Nikamweleza kwamba kwa sheria yao mtoto hufuata mama, kwa hiyo yeye si Myahudi, na mimi pia. Akacheka mpaka simu ikakoroma.

"Hata kwetu njo vile," alisema. "Mubemba anafuata mama. Sasa unalilia nini? Bote banasema miye ni wa Mulenga."

Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimekaa na mistari ile mitatu kama mtu aliyefukuzwa mlangoni, na kumbe sheria mbili zisizojuana zimekubaliana kabisa kuhusu mama yangu: ni mtoto wa mama yake. Aliyebaki nje katika hesabu zote mbili ni yule mwanamume.

Nadhani ndiyo sababu tulikwenda. Mama alikuwa amekuja Liège kuona wajukuu, viza yake ya Schengen ilikuwa bado na wiki tatu, na tiketi za kwenda Rhodes mwezi wa Julai zilikuwa na bei ya kuumiza lakini si ya kuua. Mimi nilibeba faili lenye nakala za kila kitu. Mama alibeba kitenge cha kujifunika kichwa, dawa zake za presha na pakiti mbili za chisense kavu, wale samaki wadogo wa ziwa Mweru, kwa sababu haamini chakula cha mahali asipojua nani anapika.

Mji wa kale wa Rhodes umezungukwa na ukuta mnene, na ndani yake watalii ni wengi kama soko la Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Wote wanakwenda upande wa ngome ya mashujaa wa msalaba. Ukishuka upande wa bandari kelele zinapungua, na unafika kwenye uwanja mdogo wenye chemchemi ya farasi wa baharini wa shaba. Unaitwa Uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi. Pembeni pana mnara wa jiwe jeusi ulioandikwa kwa lugha sita. Hapo zamani palikuwa njia panda ya mtaa wao. Kila jioni watu walitembea pale wakizungumza. Siku tuliyofika watu walikuwa wanakula aiskrimu.

Mama alikaa kwenye ukingo wa chemchemi, akavua viatu. Niliposoma maandishi ya jiwe jeusi kwa sauti, ya Kifaransa, hakunitazama.

Yaliyotokea ni haya. Waitaliano waliposalimu amri Septemba 1943, Wajerumani walikichukua kisiwa. Julai 1944, wakati vita vilikuwa vimeshawaelemea, Paris ikiwa imebakiza mwezi mmoja kukombolewa, waliamuru wanaume wa Kiyahudi waripoti na vitambulisho vyao. Kisha wanawake na watoto wakaambiwa wawafuate, wabebe vitu vyao vya thamani. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alisimama mbele ya Wajerumani akidai walio na uraia wa Kituruki pamoja na wake na waume zao, akawatoa makumi kadhaa. Tarehe 23 Julai waliobaki walipakiwa kwenye mashua za mizigo. Siku nane baharini mpaka Piraeus, bandari ya Athens. Kisha mabehewa mpaka Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland, walikofika tarehe 16 Agosti. Pamoja na wenzao wa kisiwa cha Kos walikuwa zaidi ya 1,700. Waliotoka hai ni kama 150. Baadhi yao hawakuwa na pa kurudi, wakafuata ndugu zao Kongo. Mmoja ni Sami Modiano, ambaye baadaye alirudi kuwasimulia watu habari hizi katika sinagogi ile ile ya utoto wake.

Siku hizo zote babu alikuwa Kasenga, anapima vitambaa kwa yadi.

Sinagogi iliyobaki inaitwa Kahal Shalom. Ilijengwa mwaka 1577. Kutoka nje huwezi kuidhania, ni ukuta tu kwenye kichochoro. Ndani, sakafu yote ni kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa maua, laini kutokana na miguu, na Mama alisimama muda mrefu akiziangalia chini badala ya kuangalia taa na mapazia. Fundi huangalia mishono. "Mutu alipanga hii moja-moja," alisema. Katikati kuna jukwaa la kusomea, watu huketi pande zote kulizunguka. Zamani wanawake hawakukaa humo ndani, walikuwa na vyumba vyao kando ya ukuta, wakichungulia kupitia madirisha yenye vitambaa. Vyumba hivyo tangu mwaka 1997 ni makumbusho.

Uani kuna ubao wa marmaru wenye majina ya koo. Niliukuta ukoo wetu, nikaweka kidole, nikamwita Mama kwa sauti iliyowageuza watu. Nilikuwa nimesubiri dakika hiyo miaka. Mama alikuja, akasoma, akauliza, "Na Vida iko wapi?"

Vida ndilo jina lake. Desturi yao ni kwamba binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Kwa lugha yao maana yake ni uhai. Lakini mtaani kwetu nani ajue Ladino? Watu walisikia Vita, na Mama Vita akawa hadi leo. Mafundi wenzake wanamtania kwamba jina lilimkuta na mkasi mkononi. Ubao ule haukuwa na Vida. Una koo tu. Faili langu lote halikuwa na jibu la swali hilo, na nilijisikia mpumbavu kidogo, nikiwa bado nimeweka kidole pale.

Tukaingia makumbusho. Picha za harusi, mavazi, wasichana wa shule wamejipanga, barua zenye stempu za Kongo ya Kibelgiji. Kwenye chumba cha pili kulikuwa na familia ya watalii, na mtoto wao, wa miaka mitatu hivi, akapiga chafya kubwa kwa sababu ya kiyoyozi. Mama, bila hata kugeuza macho kutoka kwenye picha aliyokuwa akiitazama:

"Bivasi, kreska, ngandeska."

Mwanamke mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi, mwembamba, mwenye fimbo, akainua kichwa. Akaendelea, kama mtu anayejibu salamu: "Komo un peshiko en aguas freskas." Kisha akaanza kumwangalia Mama vizuri, kitenge, uso, mikono. Akasema, na hapa nilishika ukuta: "Weye! Ile nani alikufundisha?"

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Lubumbashi, chenye vumbi lake.

Alizaliwa Elisabethville, wazazi wake walikuwa wa Rhodes, aliondoka akiwa msichana, sasa anaishi Brussels, na mwezi wa Julai huja kisiwani kama wengi wa kwao. Alimshika Mama mkono wakakaa pamoja, na kwa dakika kumi sikuwa na kazi. Walitaja mitaa, wakataja maembe, wakataja harufu ya moshi wa kiwanda cha shaba. Alikuwa na furaha ya kweli, sitamnyima hiyo. Lakini muuguzi huzoea kusikiliza watu wanavyozungumza, na nilisikia kwamba Kiswahili chake kilipotoka kwenye maembe kilibakiwa na amri tu. Leta. Toa. Funga mulango. Fanya mbio. Alikijifunza jikoni, kutoka kwa watu waliokuwa wakipokea, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto. Mama alisikia pia. Namjua anavyokunja mdomo.

"Baba yako alikuwa nani?"

Mama akamtajia.

"Ule wa Kasenga? Wa bilamba?" Akafurahi, mji ule wazungu wao wote walijuana. Kisha furaha ikasimama njiani. "Lakini yee hakukuwa na bibi."

"Alikuwa naye," Mama alisema. "Alikuwa anaitwa Mulenga."

Hakuinua sauti. Yule mzee aliangalia fimbo yake. Nilitegemea aondoke, au aseme jambo la kufunika. Alikaa kimya, halafu akasema kwa Kifaransa, taratibu, kwamba nyumbani kwao kulikuwa na mambo ambayo watoto hawakutakiwa kuona, na kwamba waliyaona. Hakuomba radhi, na Mama hakuwa amekuja kuombwa radhi. Akafungua mkoba, akatoa kalamu, akaandika msemo mzima nyuma ya tiketi yake ya kiingilio, kwa mwandiko wa shule ya masista: *Bivas, kreskas, engrandeskas, komo un peshiko en aguas freskas.* Ishi, kua, uwe mkubwa, kama kisamaki kwenye maji baridi.

Mama akaniomba nimfasirie mara mbili. Kisamaki?

"Kama chisense," nikasema.

Akacheka hivyo hivyo alivyocheka kwenye simu. Nusu ya msemo ilikuwa imepotea njiani kati ya duka na cherehani, na nusu yenyewe ndiyo yenye samaki, kwa mtu aliyezaliwa Kasenga, mji ambao hata ukifumba macho unaujua kwa harufu ya samaki. Akafungua mfuko wake pale pale kwenye makumbusho, akampa yule mzee pakiti moja. Mzee akainusa kupitia nailoni, akafumba macho.

Kabla ya kutoka Mama alisogeza kiti mbele ya ile picha aliyokuwa akiitazama mwanzoni. Wanawake watatu mlangoni, wamevaa aproni, hakuna majina chini yake. Mimi nilitaka kuuliza mlinzi, nifungue faili, nilinganishe sura. Akanizuia kwa mkono. "Sikukuya huku juu ya kupewa dini," alisema, "wala majina. Nilitaka kuona kwao. Nimeona."

Nilipokuwa njiani kuja nilidhani tuko kwenye safari moja. Kumbe mimi nilikuwa nimekwenda kudai kitu, na ofisi ya mistari mitatu nilikuwa nimeibeba kichwani mpaka kisiwani. Yeye alikwenda kama mtu anavyokwenda kwenye msiba wa mkwe: humjui marehemu vizuri, lakini unafika, unakaa.

Jioni tulikaa bandarini. Meli kubwa za watalii zilikuwa zimewasha taa. Ndipo akanisimulia jambo ambalo katika miaka yangu arobaini na minne hakuwa amelisema. Kwamba kila mwaka, kiangazi cha baridi, siku moja babu alikuwa hafungui duka. Alitoa kiti nje, akakaa akiutazama mto kutwa nzima, hali, hanywi, haongei. Watoto wa Kasenga walidhani anaumwa. Wakulima waliotoka mbali kununua nguo waligeuka na hela zao. Kambo Mulenga siku hiyo hakuwasha moto, na akiulizwa alijibu: "Leo muzungu yuko kwao." Hakuna aliyemweleza sababu, na Mama hafikirii kwamba kambo alihitaji kuelezwa. Alikuwa amezika watoto wawili, alijua mtu aliye matangani anavyokaa.

Julai 1960 wanajeshi walipoasi na Wazungu wakaanza kukimbia, babu alivuka Luapula usiku kwa mtumbwi kwenda Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mama alikuwa na miaka tisa. Huenda angemchukua, huenda asingemchukua, hilo limezungumzwa kwetu mpaka limechakaa. Kambo hakumpa nafasi ya kuamua. Alikuwa ameshajifunza kumficha: miaka ya nyuma maofisa wa Kibelgiji walikuwa wakipita kuchukua watoto machotara na kuwapeleka kwenye misheni, jambo ambalo mahakama ya rufaa ya Brussels ililitamka kuwa jinai dhidi ya ubinadamu Desemba 2024 tu, na kila walipopita yeye alimpeleka binti yake kijijini kwa mjomba. Usiku ule alifanya vivyo hivyo. Babu alituma barua mbili kutoka Salisbury, Harare ya leo. Alifia Cape Town.

"Ile siku ya kiti," Mama aliuliza, "yaweza kuwa lini?"

"Tarehe 23 Julai, nadhani."

"Na leo?"

"Ishirini na moja."

Akafikiri. "Basi kesho kutwa tusiwashe moto."

Nilitaka kumwambia kwamba tuko hotelini, hatuna hata jiko. Sikusema. Tarehe 23 tulitoa viti viwili kwenye kibaraza, upande unaoona bahari, tukakaa. Saa nne mhudumu wa kifungua kinywa alikuja kugonga, kijana mpole, akauliza kwa Kiingereza kama mayai ya jana yalikuwa na tatizo.